Mdomo Wangu, Sauti ya Nani?

Nilifungua mdomo kwenye skrini… ikatoka sauti ya mwanamke mwingine!

Jamani, sikuwa naota. Jumapili, saa tisa mchana, ukumbi wa Kizwite umejaa hadi madirishani. Tunazindua tamthilia yetu. Humo Warumi wa kale wamevuka jangwa wakafika Ufipa, wakajenga uwanja, na mateka wanauana ili gavana afurahi.

Mimi Albina, binti wa kijijini Kasense, ndiye mateka anayemwangusha gavana na kuwa malkia. Miezi saba nimebeba ule upanga! Goti langu hadi leo halikunjiki vizuri.

Mwongozaji ni Frank. Mchumba wangu. Harusi ilipangwa Oktoba.

Nikamfuata nyuma ya ukumbi.

"Frank, sauti yangu iko wapi?"

"Tulia mpenzi, tutaongea."

"Iko wapi?!"

"Watu wa televisheni wamesema lafudhi yako ya Kifipa nzito mno. Malkia haongei hivyo."

Malkia wa Ufipa… asiongee kama Mfipa! Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia.

"Kwa hiyo mkamchukua nani?"

"Dada mmoja tu wa Mbeya. Humjui."

Kazi ni kazi. Nikarudi kukaa na baba.

Baba yangu, mzee Wilibrodi, haoni. Alipanda bodaboda toka Kasense aje kunisikia, maana kuniona hawezi. Upande wake wa pili alikaa mdogo wangu, Edith, aliyekulia shule za bweni za mbali.

Kwenye skrini mateka akapaza sauti: "Niueni, lakini sipigi magoti!"

Ukumbi ukalipuka!

Baba akatabasamu. Akapapasa hadi akaupata mkono wa Edith.

"Umesema vizuri, Edith mwanangu. Ila dada yako mbona hasemi?"

Watu wanapiga makofi. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Edith, ulirekodi lini?"

"Dada… nisamehe."

Mwezi wa sita! Wiki aliyotuaga anakwenda Mbeya kumuuguza shangazi. Wiki hiyohiyo Frank naye "alifuata taa za kamera" hukohuko. Tena mimi ndiye niliyewakaangia karanga za safari, kila mtu na mfuko wake!

"Mlilala wapi?"

Akaweka mkono tumboni.

Ndugu zangu, sikumpiga mtu. Nilimshika baba, tukatoka.

"Nimekosea kusema, mwanangu?"

"Hapana, baba. Mle ndani wewe peke yako ndiye uliyesema kweli."

Tamthilia inaendelea kila Ijumaa. Pale ninapouza ulezi, wateja huniita malkia. Nikiitikia, wanashtuka: "Mbona sauti si ile?" Nawapimia tu.

Wanawake wenzangu, mtu akionea aibu unavyoongea, usijikunje ili akupende. Mimi nilijikunja miaka mitatu. Baba akinisalimia Kifipa mbele ya Frank, nilikuwa namjibu Kiswahili, taratibu, kama namsalimia mgeni.

Edith nitakuja kumsamehe. Ila baba, kumwomba msamaha… sijui nianzie wapi.