Utumbo Umeunganishwa, Ngozi Inaungua

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe kumi na nne Juni, mchana, mbele ya wageni.

Asubuhi ya siku hiyo nyumba ya Mzee Mwinshehe, pale Ujiji, ilikuwa na furaha. Mzee alikuwa amerudi kutoka hospitali kubwa. Alikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Madaktari waliukata, wakamtoboa tundu tumboni, na kwa miezi mingi haja kubwa ilitokea hapo na kuingia kwenye mfuko. Kisha wakampasua mara ya pili. Wakauunganisha utumbo, wakaziba tundu. Sasa mzee alikwenda chooni kama watu wengine.

Zuleha, mke wa mwanawe, aliona hilo ni jambo la kushukuru. Akaalika majirani waje kula baada ya swala. Alipika ugali wa muhogo, maharage, na samaki wa migebuka ndani ya mafuta mekundu ya mawese. Pilipili hakubania.

Wageni walikaa mkekani. Mzee alisimama.

"Mwinshehe, keti," walimwambia. "Chakula hakiliwi wima, wewe si ng'ombe."

Akaketi. Ilikuwa kama kukalia makaa. Akala matonge machache, jasho likamtoka. Tumbo likanguruma. Zuleha akaja na sahani ya pili, akapiga goti.

"Ongeza, baba."

"Chakula gani hiki!" mzee alifoka. "Ondoa!"

Akaisukuma sahani. Mchuzi ukamwagika mkekani. Akainuka na kukimbilia chooni. Wageni wakatazamana. Sahani ya mkwe ikisukumwa mbele ya watu, hayo si mambo ya tumbo tena. Hiyo ni hukumu. Zuleha alifuta mchuzi huku machozi yanamdondoka.

Maskini, hakujua. Na mzee mwenyewe hakujua mengi. Siku ya kutoka hospitali, mkubwa wa wodi alipita mbio mlangoni. "Mzee, ukale vizuri," alisema, akapotea. Basi. Wakubwa wana haraka siku zote, na haraka yao haimfikii mgonjwa. Mzee Mwinshehe aliwajua. Marehemu mkewe, Bi Mwamini, alikata roho kwenye benchi la hospitali akisubiri mkubwa amalize kikao.

Tangu arudi, mzee alikwenda chooni mara kwa mara. Choo kilikuwa majimaji, na kilimuunguza. Naye ni mtu wa msikitini, anataka twahara ya swala. Kila akitoka alijisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia. Katika maji alitia dawa ya kuoshea vidonda. Kadiri alivyojisafisha ndivyo alivyochubuka. Mwisho aliamua kuacha kula, na maji akanywa kidogo tu. Alijiambia, kisichoingia hakitoki.

Angemwambia nani? Kwa Haruna, mwanawe, alisema tu, "Tumbo linanisumbua." Kumwambia Zuleha hakuweza kabisa. Mkwe ni mkwe. Hata kikohozi mtu hukipima mbele yake, sembuse habari za makalio!

Siku zikapita. Chakula cha Zuleha kikarudi jikoni kama kilivyokwenda. Asubuhi moja mzee alikuwa ameegemea ukuta uani, akamsikia akisema na mumewe.

"Haruna, mimi narudi kwetu Mwandiga."

"Kwa kosa gani?"

"Baba hataki mkono wangu. Anakonda, majirani wanasema namnyima. Akifa, nitaambiwa nimemuua."

"Vumilia, mke wangu."

"Nimevumilia. Gari la kesho litanikuta barabarani."

Mzee alifumba macho. Zuleha ndiye aliyemfulia miezi yote ile ya mfuko bila kuziba pua. Leo yeye mzee anamfukuza kwa kunyamaza. Alitaka kumwita. Haya ikamshinda nguvu.

Mchana huo Saumu akaingia. Saumu ni mdogo wake marehemu Mwamini, na ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Bangwe. Kwa mzee ni shemeji, na shemeji ana ruhusa ya utani.

"Shemeji! Mbona umesimama kama mlingoti? Au umekalia siafu?"

"Niache, Saumu."

"Nikuache niende wapi? Urithi alioniachia dada ndio huu, mzee wa kununa. Sema kweli. Nyuma kunawaka?"

Mzee akatazama mlango kama Zuleha yupo karibu. Hakuwepo. Akacheka kidogo. Kicheko kikageuka kilio.

"Kunawaka, shemeji. Kunawaka vibaya."

Saumu akaacha utani. Akamshika mkono, akamwingiza chumbani.

"Geuka nione."

"Nikugeukie wewe?"

"Wewe fundi wa mitumbwi. Mitumbwi yote uliyounda haifikii makalio niliyoyaona mimi. Geuka."

Akamkagua kwa upole. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka. Haikuwa na usaha. Kisha akamtazama midomo, imekauka na kupasuka.

"Mkojo wako una rangi gani?"

"Kama chai ya rangi."

"Umekauka, shemeji. Umejinyima maji. Sikiliza. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Wako umekatwa sehemu kubwa, na uliobaki bado unajifunza kazi. Ndiyo maana choo ni chepesi, tena kina ukali wa yale majimaji ya kusaga chakula. Ukali huo ndio unaokula ngozi yako."

"Sasa mimi ninajisugua sana ili…"

"Dodoki ni la sufuria! Ubao uliolowa ukiupiga randa kila siku, utabaki ubao?"

"Utaisha."

"Basi ngozi nayo inaisha. Jioshe kwa maji ya uvuguvugu matupu. Sabuni hapana, dawa ya vidonda hapana. Halafu usifute. Gandamiza taratibu kwa kitambaa laini cha pamba mpaka pakauke. Mtumbwi unautia kalafati ya kuziba nyufa lini?"

"Kabla ya kuushusha ziwani. Nikizibe vipi kitundu maji yakishaingia?"

"Ndivyo hivyo. Ngozi ikishakauka, paka krimu nyeupe yenye zinki, ile wanayopakwa watoto wakiungua na nepi. Paka kila unapotoka chooni, usingoje paanze kuwaka. Nyumbani vaa msuli, upate hewa."

"Na twahara yangu?"

"Maji yanatosha, shemeji. Yalimtosha babu yako."

Mzee akajifunga nguo vizuri. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kuna Zuleha. Anaondoka. Mimi siwezi kumwambia."

"Mimi naweza," alisema Saumu. "Lakini neno moja litatoka kwako mwenyewe."

Wakamkuta Zuleha jikoni, anakunja khanga zake. Saumu akaketi kwenye kibao.

"Mwanangu, unajua baba yako anaumwa nini?"

"Ananichukia, mama mdogo."

"Anaungua. Utumbo wake ni mgeni, haujazoea. Pilipili inaingia ikiwa kali na inatoka ikiwa kali. Mafuta mengi yanamharisha. Maharage na kisamvu vinamjaza gesi. Mapishi yako ni matamu. Wakati wake tu haujafika."

Zuleha akaachia khanga. "Kwa hiyo si mkono wangu?"

Mzee alikuwa mlangoni. Alitazama chini.

"Si mkono wako, mwanangu," alisema. "Niliona haya, nikakutupia wewe. Nisamehe. Usiende Mwandiga."

Zuleha alijifunika uso kwa khanga ile ile aliyokuwa akiikunja. Alilia, safari hii bila uchungu. Kisha akajifuta, akauliza kama mtu mwenye kazi, "Sasa apikiwe nini?"

"Wali laini," Saumu alijibu. "Viazi vya kuchemsha. Ndizi mbivu. Ugali laini. Hivi vinashikisha choo. Samaki mchemshie, umtoe miiba. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, si sahani moja ya mlima. Cha jioni kiwahi. Atafune mpaka kilainike. Kahawa aipumzishe."

"Na maji?"

"Anywe, asijinyime. Kuna ile pakiti ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaoharisha. Koroga kama ilivyoandikwa, anywe kidogo kidogo. Baadaye akipata nafuu, mrudishie maharage, lakini chakula kipya kimoja kimoja, uone tumbo linasemaje. Na dawa ya kufunga choo asijinunulie. Amwulize daktari."

Akamgeukia mzee. "Ukipata homa, au damu, au tumbo likivimba na kutapika, au ukikosa mkojo na kizunguzungu kikakushika, usione haya. Hospitali siku hiyo hiyo. Na hata bila hayo, kesho nakusindikiza kwa daktari akupime."

Zuleha hakwenda Mwandiga. Alijifunza kumwachia mzee birika la maji ya uvuguvugu mlango wa choo, bila kusema neno. Mzee naye alijifunza kusema. "Mwanangu, leo wali umenikaa vizuri." Au, "Leo lile embe limenigombeza." Wakicheka, wanacheka wote.

Ngozi ikafunga taratibu. Safari za chooni zikapungua, ingawa hazikwisha. Mwili ukarudi. Ijumaa moja mzee alikwenda msikitini, akakaa kitako mpaka hotuba ikaisha, akarudi anatembea kama kijana.

Mchana ule Saumu alikuja kula nao. Zuleha alileta samaki wa kuchemsha na wali. Alipotaka kurudi jikoni, mzee alimwambia aketi. Akaketi pembeni ya mkeka.

"Baba," aliuliza, "siku ile ulipotoka hospitali, ulikuwa peke yako mlangoni?"

"Tulikuwa wengi. Kulikuwa na mama mmoja anauza dagaa Kibirizi. Kulikuwa na kijana wa huko kwenu Mwandiga, hajaoa bado. Sote tumekatwa hivi hivi."

"Nao waliambiwa nini?"

"Nilichoambiwa mimi. Mkubwa alipita mara moja tu, kwa wote."

Zuleha akaweka kijiko chini.

"Sasa wale wasio na shemeji, nani atakwenda kuwaambia?"

Mzee alimtazama Saumu. "Kesho tuanze na Kibirizi," alisema, "kisha Mwandiga."