Utafiti wa Kornel na Ndoo ya Mbege

"Msimamizi wa utafiti mimi ninaye tayari," Kornel aliwatambia wenzake wa mwaka wa tatu. "Nyie hangaikeni tu."

Alichokuwa nacho ni shangazi.

Shangazi Bernadetha alijitwika ndoo ya mbege, ile pombe ya ndizi, akapandisha nayo mlimani Kilema mpaka kwa mama yake Dokta Theopista. Dokta alifundisha chuoni kwa kina Kornel, Moshi mjini, na alizaliwa kijiji kimoja naye. Kwa Kornel hiyo ilitosha. Kama mchumba huombwa kwa mbege, msimamizi ni nani? Dokta alikuwepo Jumapili hiyo. Alipokea kata ya mbege, akasikiliza, akasema, "Tutaona."

Kornel akalala usingizi mnono. Wenzake walipobisha milango ya wahadhiri, yeye aliwacheka. Mama yake akashona kitenge cha mahafali.

Siku za kupeleka majina ya wasimamizi zilipokaribia kwisha, akaingia ofisini kwa Dokta na mada yake: kahawa ya Kilimanjaro.

"Kornel, mimi ni mtu wa mabwawa ya samaki," Dokta alisema taratibu. "Kahawa naijua kwenye kikombe. Shangazi yako ningemkataliaje, na mbege ya watu, mbele ya mama?"

Wahadhiri wa kahawa walishapata wanafunzi wa kuwatosha. Mwaka ukampita hivyo. Wenzake walivaa majoho. Mama akakitia kitenge sandukuni.

Jirani yao Hellen, aliyemaliza chuo na sasa anafanya kazi ya utafiti, alimkuta kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao, akipalilia, uso umemshuka.

"Ulitafuta mtu wa nyumbani," alimwambia. "Ungetafuta mtu wa kazi yako. Soma wahadhiri wameandika nini. Anayeandika mambo ya kahawa mwendee mapema, na swali lako. Akiwa na wanafunzi wengi, muombe akuelekeze kwa mwingine."

"Swali ninalo. Kahawa ya Kilimanjaro."

"Huo ni mlima mzima, utaubeba na nini? Hapa kihambani kwenu, wewe unajiuliza nini?"

Kornel akaitazama mibuni. Akasema hajui kama wadudu hutoboa zaidi buni za chini ya migomba au zile za juani.

"Hilo linabebeka," Hellen akasema.

Kornel akamwandikia Dokta Elimringi, mhadhiri aliyeandika mambo ya kahawa, ujumbe mfupi: amesoma nini alichoandika, anataka kuchunguza nini, anaweza kufika lini. Akaitwa. Mwaka uliofuata Kornel naye akavaa joho. Mama alitoa kitenge sandukuni. Kilikuwa kimeanza kumbana.

Kwenye sherehe, vijana wa mwaka wa pili wakamzunguka wakitaka siri. Kornel akakohoa kidogo.

"Mimi tangu mwanzo nilisoma kwanza kazi za wahadhiri. Mambo ya kujuana sikuyataka kabisa."

Nyuma yake Shangazi Bernadetha akaweka kata chini.

"Kornel baba, shingo yangu inauma mpaka leo. Ile ndoo nilimpelekea nani?"