Kopo la Moshi Darasani

Kila Jumatatu asubuhi, Adhiambo alikwenda shule na mizigo miwili. Mgongoni alikuwa na begi la vitabu. Mkononi alishika mfuko wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Baba yake, Joash, ndiye aliyeyachagua mavi hayo, moja moja, kama mtu anayechagua mayai.

"Mwambie mwalimu haya ni ya ng'ombe wangu mweusi," alisema. "Yanashika moto mara moja. Si kama yale ya kina Cephas, mabichi mpaka leo."

Shule yenyewe iko Karungu, juu kidogo ya ziwa. Huko kuna wadudu wadogo wanaoitwa sam. Msimu wao ukifika, hutoka majini kama wingu. Huingia kwenye uji, puani na masikioni. Hawaumi, lakini wanakera. Kwa hiyo wazazi walikaa mkutano wakakubaliana. Madirisha ya gredi ya tano, darasa la Adhiambo, yakapigiliwa mabati. Kila asubuhi, kopo la mavi makavu likawashwa darasani. Si ndivyo watu wanavyofukuza wadudu nyumbani?

"Wakubwa walituahidi madirisha ya wavu," Joash alikuwa akisema kila alipopata wa kumsikiliza. "Walikuja, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda. Sasa maskini ajifungie kwa mabati."

Kisha Adhiambo akaanza kukohoa.

Kikohozi kilikuwa kikavu. Baadaye kifua kikaanza kulia kama filimbi. Zahanati walisema ni pumu. Walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Akiivuta, anapata nafuu. Akirudi shule, kifua kinabana tena.

Joash alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Mama yake Adhiambo alikufa kwa kifua. Siku ile hospitali waliambiwa mtungi wa hewa umeisha. Joash hajawasamehe wakubwa wa hospitali mpaka leo. Na Adhiambo ndiye mtoto pekee aliyebaki naye.

Jioni moja msichana alirudi akiwa anashika ukuta ili atembee. Joash akakata shauri.

"Kesho huendi shule. Wala kesho kutwa. Basi."

"Baba, nitakaa nyumbani nifanye nini?"

"Upumue."

Jirani yao Emmaculate alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Watu walimwita Nyar Gwassi, yaani binti wa Gwassi, kwa sababu aliolewa kutoka huko upande wa Homa Bay. Aliposikia msichana ameachishwa shule, alikuja bila kuitwa.

"Baba Adhi, nasikia umefungua shule yako hapa nyumbani."

"Nyar Gwassi, usinichekeshe. Ile shule inaniulia mtoto."

"Hebu niambie. Jumamosi anakohoa?"

"Hapana."

"Jumapili je?"

"Jumapili anaimba kanisani mpaka wenzake wanamkasirikia."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu ndipo kinapoanza. Si nimekwambia? Ni hao walimu."

"Basi twende tukaone huko darasani kuna nini," Emmaculate alisema. "Kulaumu tutalaumu tukirudi."

Asubuhi walifika shuleni. Mwalimu mkuu, Mirumbe, alikuwa Mkuria wa Kegonga, mtu wa maneno machache. Alipomwona Joash alishusha pumzi.

"Baba Adhiambo, leo ni lipi?"

"Leo nimekuja na shahidi," Joash alijibu.

Walifungua mlango wa gredi ya tano. Joto liliwapiga usoni, na moshi nyuma yake. Ndani kulikuwa na giza kama jikoni. Watoto walikuwa wamebanana wanne wanne kwenye dawati, macho mekundu. Wengine walikuwa wanasinzia. Pembeni mtoto mmoja alifagia sakafu kavu, na vumbi lilipanda likachanganyika na moshi. Kwenye kona, kopo lilifuka polepole.

Joash alipiga hatua mbili tu. Kikohozi kikamkamata mpaka akainama.

"Nani," alisema akifuta macho, "nani anawasha uchafu huu mbele ya watoto?"

Msichana mmoja wa dawati la mbele akajibu.

"Leo ni mimi. Lakini siku zote ni Adhiambo. Anakaa hapo kwa kopo, anapuliza. Mavi ni ya kwao."

"Ya ng'ombe mweusi!" mwingine akadakia kutoka nyuma. Darasa zima likacheka.

Joash hakucheka. Alitoka nje akasimama kwenye upepo.

Emmaculate alimfuata, na mwalimu pia.

"Moshi ni moshi, Baba Adhi," Emmaculate alisema taratibu. "Uwe wa kuni, uwe wa mavi. Unaingia kifuani na kuchubua njia za hewa. Mwenye pumu ndiye huumia kwanza, lakini hao wengine nao wanaumia. Halafu angalia, chumba kimezibwa. Mmoja akipumua, mwenzake anavuta pumzi hiyo hiyo. Ndiyo maana wanasinzia na vichwa vinawauma. Mmoja akiwa na mafua au kifua kikuu, ni rahisi kuwaambukiza wengine."

"Na mbu?" mwalimu aliuliza.

"Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Dawa yake ni kulala ndani ya chandarua."

Joash alikuwa anaangalia chini. "Na mama yake?" aliuliza. "Ni moshi?"

"Hilo siwezi kukwambia, kaka yangu. Sijui. Ninachojua ni kwamba jiko lake halikuwa na dirisha."

Jiko hilo Joash alilijenga kwa mikono yake. Alimgeukia mwalimu.

"Na ule wavu wa wakubwa?"

"Tukiusubiri, huyo mtoto atasubiri na kifua gani?" Mirumbe alisema. "Mabati tuliyapigilia sisi. Tunaweza kuyang'oa sisi."

Jumamosi wazazi walikuja na nyundo. Waling'oa mabati pande zote mbili, ili upepo uingie huku utokee kule. Makori, mvuvi, alileta wavu wake mkuukuu wa kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, wautundike madirishani. Sam wakapita kwenye matundu yake kama wageni wa matanga, bila kubisha hodi. Watu walicheka, wakautoa. Mwalimu akaenda Migori mjini kwa Dahir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na wavu wa madirisha wenye matundu madogo sana. Huo uliwazuia.

Kopo lilitupwa. Watoto wakafundishwa kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na kufungua madirisha yote wanapofika. Emmaculate alimwonya Adhiambo asiache dawa yake. "Hewa safi haiondoi pumu," alimwambia. "Inaiacha ilale. Dawa yako itembee na wewe."

Joash naye alitoboa dirisha kwenye ukuta wa jiko lake. Hakumwambia mtu kwa nini.

Adhiambo akarudi shule. Kila Jumatatu bado anabeba mfuko wa mavi, lakini sasa unaishia kuwa mbolea kwenye shamba la mboga za sukuma la shule. Joash bado analalamika kuhusu wakubwa, na hajakosea. Wavu wao haujaonekana.

Siku moja alipita shuleni akipeleka maziwa. Madirisha yalikuwa wazi. Alisikia sauti anayoijua ikisoma kitabu, ukurasa mzima. Alisimama akasubiri kikohozi.

Hakikuja. Msichana alisoma mpaka mwisho, na alipumzika kwenye nukta tu.