Gauni la Ishirini

Kila Jumamosi mtaani kwetu Black Rock, jijini Buffalo huku ughaibuni, cherehani hulia upande mmoja wa ukuta na gitaa upande wa pili. Cherehani ni ya Nzigire, Mama Mizero. Gitaa ni la jirani yake Elie, Papa Leya, mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa.

Mwaka 2015 Nzigire aliacha kazi ya kiwanda ili ashone. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa magauni manane ya kwaya. Akiharibu, anarudi kiwandani.

Naye akaharibu, jamani!

Josiane, kiongozi wa kwaya, alikuja kujaribu gauni lake.

"Mama Mizero, nilisema mikono ya ishirini!"

"Ni ishirini. Pima."

Josiane hufanya kazi ghalani, kwenye vipimo vya inchi. Nzigire alijifunza kushona Bukavu, kwa sentimita. Mikono iliishia juu ya kiwiko, na kitenge cha magauni hayo kilikuwa kimekwisha dukani. Nzigire akalia.

Gitaa likanyamaza. Papa Leya akabisha hodi, wakamweleza.

"Bon, mama. Jumapili uliona uzi wa gitaa langu ukikatika?"

"Sikuona."

"Ulikatika katikati ya wimbo! Lakini wimbo ninaujua, donc sikusimama. Nilisikiliza wenzangu, nikajaribu njia nyingine kwa nyuzi zilizobaki. Mkacheza kuliko siku zote! Wewe kushona unajua. Sasa msikilize Josiane."

Nzigire alipangusa machozi. "Dada, kwa nini ulitaka mikono mirefu?"

"Tukiinua mikono kuimba, ile mifupi inabana kwapani."

Kumbe! Nzigire alikuwa na kitambaa cheupe, chepesi. Hakukikata kwa mikono yote. Alikiunga kwenye mkono mmoja tu wa gauni la Josiane, kwa upana, mpaka ukafika inchi ishirini.

"Vaa. Imba."

Josiane akainua mkono. "Bado unabana."

Nzigire akafumua, akaongeza kipande kwapani. Papa Leya akapiga gitaa. Josiane akaimba, mkono mweupe ukapepea hewani.

"Yesu wangu! Yote ishone hivi!"

Mwanamke yule, mimi namvulia kofia. Siku ya kuimba, kanisa zima lilisimama.

Wiki iliyofuata simu ililia. Walikuwa akina mama wa kwaya ya Linden, jijini Columbus, waliosikia habari za magauni yale.

"Tunataka magauni kumi na mawili. Ile mikono ya ishirini."

Safari hii Nzigire aliuliza kwanza. "Inchi au sentimita?"

"Mama, zote mbili! Kitenge sentimita ishirini, cheupe mpaka inchi ishirini. Kama ya Josiane!"