Nyuki wa Bi Mize

Nyuki wa chuma alitua kwenye kidole cha Bi Mize, akafyonza tone la damu bila maumivu, kisha akatangaza duka zima likasikia: "Sukari ishirini na nane! Ketoni sifuri nukta moja!"

"Si nilikwambia, mama?" alisema Raya.

Raya alikuwa ameshuka jana tu kutoka kituo cha angani, alikofanya kazi ya uhandisi miaka miwili mfululizo. Yeye ndiye aliyemnunulia mama yake nyuki huyo, ili vipimo vimfikie huko juu kila asubuhi. Mwezi huu vilikuja vyekundu mara tisa, alama ya sukari iliyopita kiasi. Leo walifika dukani hapo Wete kutafuta kipimo kingine cha nyumbani, na Raya alikwisha kata shauri: kipimo kipya kikikubaliana na nyuki, jiko la halua linafungwa, na Bi Mize anahamia angani.

Bi Mize alipika halua tangu usichana wake. Kuionja aliacha siku alipoambiwa ana kisukari, lakini kuipika, abadani! Huko juu atakoroga nini, mawingu?

"Pete hii hupima sukari pekee," alieleza roboti muuzaji. "Hiki cha mkononi hupima na ketoni, yaani asidi zinazojazana damuni mwili ukikosa insulini. Ila chataka kijiti cha kupimia, tone la damu, na subira."

"Subira huvuta heri. Nipe hicho," alisema Bi Mize.

Kipimo kiliwaka. Badala ya kuomba kidole, kikauliza: "Umenawa mikono?"

"Ninawe nini?" Bi Mize alicheka. "Nimetoka kukata halua ya harusi. Kila asubuhi ninapokata, nyuki hunikuta papo hapo kwenye sinia, wala haulizi."

Raya aliushika ule mkono, akaunusa. Hiliki. Akakigusa kidole kwa ncha ya ulimi.

"Mama! Kidole kimejaa sukari!"

Maji yakaletwa, Bi Mize akanawa, akatoa tone la pili. Sukari: sita nukta moja, ya kawaida kabisa. Ketoni: ile ile. Bi Mize alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakachungulia, na roboti naye, asiyejua harusi ni ya nani, akapiga makofi.

Raya alicheka huku machozi yakimlengalenga. "Miaka miwili naisoma damu yako kila asubuhi," alisema, "na mkono wako sijaushika."

"Basi ushike twende," alisema Bi Mize. "Halua haijaisha kukatwa."