Diski ya Zamani ya Mzee Benno

Dorosela alilisukuma gunia kwa mguu, akafungua mlango wa sebule ya kaka yake, na bakuli la uji likamponyoka. Mzee Benno Mwalongo alikuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni, kabuti limefungwa vifungo hadi kidevuni, blanketi mbili magotini. Alikuwa amekufa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Mji Mwema, Njombe, na sakitu nyeupe, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa bado imelala juu ya majani ya viazi.

Sajini Devota Mgaya wa upelelezi alifika saa mbili. Alikuta jiko la mkaa miguuni pa marehemu, limejaa majivu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Pembeni kulikuwa na kompyuta ya siku nyingi, imezimwa, waya wake umeingia kwenye televisheni. Hakuona alama ya kuungua wala waya ulioyeyuka. Midomo ya mzee ilikuwa na wekundu wa sumu ya mkaa ambao Devota aliujua vizuri, kwa maana Njombe kila msimu wa baridi kuna nyumba inayolala na jiko ndani na isiamke.

"Ni yule fundi," alisema Filbert, mfanyabiashara wa mbao kutoka Makambako. Alikuwa mkwe wa marehemu, mume wa Prisila, binti pekee wa mzee, aliyefariki miaka miwili nyuma. "Jana nilipita kumsalimu mzee. Giza linaingia, taa zinawaka. Nikamkuta fundi ameingiza jiko, anapasha moto chuma chake cha kuungia waya. Nikaaga. Kumbe namuaga mzee moja kwa moja!"

Jirani mmoja alithibitisha kuliona gari la Filbert pale jioni. Hilo likatosha. Kufika adhuhuri fundi Ussi alikuwa rumande, na mkuu wa kituo alishaamua: kuua bila kukusudia, mahakamani kesho. Watu wanapenda kesi nyepesi, hasa mshtakiwa akiwa mgeni.

Devota hakuipenda. Alimkalisha Ussi chumba cha mahojiano.

"Ulimfanyia nini mzee?"

"Kompyuta yake, afande. Ni ya zamani, aliinunua ya kutazamia filamu. Hizi video za HD zilikuwa zinaishinda. Sauti inatangulia, picha inakwama. TV yenyewe inazikataa. Nikamwekea kadi mpya ya picha, nikamwongezea RAM, nikambadilishia na diski."

"Kwa jiko?"

"Vitu hivyo vinachomekwa tu, afande. Chuma changu cha kuungia ni cha umeme, na jana kilibaki kibandani. Tena mimi ndiye niliyelipiga marufuku jiko. Nilipofungua feni nilikuta imezibwa na majivu, ndiyo maana mashine ilikuwa inachemka. Nikamwambia, mzee wangu, ukitaka hii idumu, jiko libaki jikoni. Akacheka, akaenda kuvaa kabuti."

Devota aliacha kuandika. Mtu anayeota moto hafungi kabuti hadi kidevuni.

"Alikuwa na haraka ya kutazama nini?"

"Mwanawe marehemu, aliyekuwa mwanakwaya. Alisema kwenye simu sura yake ni punje ya ulezi, anataka amwone vizuri. Nikahamishia video zote kwenye diski mpya. Ile ya zamani nikamwachia mezani."

"Mezani hapakuwa na diski."

Ussi alishangaa kweli. "Nani aibe diski chakavu, afande?"

"Uliondoka saa ngapi?"

"Alasiri. Magharibi nilisali Makambako."

Devota alishika njia ya Makambako mchana uleule. Rehana, mke wa Ussi, alikuwa akifagia vioo mbele ya kibanda cha mumewe. Habari za jiko zilikuwa zimefika kabla ya polisi, na mawe nayo.

"Tumeishi hapa miaka, afande," alisema bila kuinua macho. "Leo ndiyo wanamwita mtu wa kuja. Akifungwa, mimi nitabaki hapa na nani?"

Devota alimwokotea kipande kilichoruka mbali, akaona aibu. Alikwenda msikitini. Muadhini alimkumbuka Ussi, na wazee wawili walimkumbuka pia, maana walisali naye safu moja saa ileile Filbert anayodai kumwona Njombe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo peke yake hauui mtu. Aliyekuwa karibu zaidi na jiko lile alikuwa Dorosela, dada aliyempikia mzee, na Devota alirudi kwake jioni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Karibu motoni."

"Jiko lililokutwa sebuleni ni la nani?"

"Langu. Nililiacha jikoni na moto wa maharage, nikaenda sala za jumuiya. Kurudi halipo. Nikasema kaka baridi imemshinda, nikalala."

"Ulikuwa na ugomvi naye?"

"Ugomvi wa kaka na dada hauishi. Lakini simwui kaka yangu!"

"Kuna mtu alimpigia simu jana?"

"Wakati natoka nilimsikia anaongea. Anasema, mwanangu, njoo uone. Basi. Yeye kila mtu ni mwanangu."

"Na lile gunia la mlangoni?"

"La kufutia miguu. Lilikuwa limebanwa chini ya mlango, nikalisukuma."

"Limebanwa upande gani?"

"Wa nje. Ningelisukumaje kwa mguu kama liko nda..." Mkono wa Dorosela ulipanda mdomoni. "Mungu wangu. Aliyelibana alikuwa nje."

Jumanne asubuhi, kabla ya saa ya mahakama, Devota aliwakusanya sebuleni: Dorosela, Filbert, askari wawili, na Ussi akiwa na pingu mikononi. Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwa Devota. Namba ya mwisho aliyoipiga mzee ilikuwa ya Filbert.

"Washa," Devota alimwambia Ussi.

"Mnapoteza muda," alisema Filbert. "Fundi ana kesi, mnamletea sinema. Video za Prisila hazimo humo tena."

"Umejuaje?"

Filbert alitupa jicho mezani. "Si... diski ilitolewa."

"Fundi aliitoa, lakini alihamisha video kwanza. Aliyeichukua ya zamani hakulijua hilo. Mwizi wa kawaida angebeba kompyuta na televisheni. Huyu alibeba picha."

Mashine iliwaka. Iliuliza kama iendelee palipoishia, na Ussi akabonyeza kwa mikono yote miwili.

Ilikuwa jubilei ya kwaya, Uwemba. Pembeni ya picha palikuwa pameandikwa tarehe. Dorosela aliisoma, akashika kiti, maana ndiyo siku aliyokufa Prisila. Filbert alikuwa ameuapia ukoo kwamba mchana ule alimpakia mkewe mwenye uchungu wa uzazi kumpeleka hospitali ya Ikonda, gari likaharibika milimani, wakakwama hadi akakata roho.

Sasa picha ilikwenda laini, bila kukwama. Akina mama wa kwaya walicheza. Nyuma yao, Filbert alikuwa amesimama kando ya lori la mbao, anapeana mkono na mtu mnene, anacheka. Nyuma yake lilikuwa gari lake, chini ya misonobari. Kwenye kioo cha dirisha uso wa mwanamke ulikuwa umeegemea, na kiganja kimebandikwa kiooni.

"Simamisha hapo," alisema Devota. "Gari liliharibika saa ngapi, Filbert?"

Filbert aliketi, macho kwenye kile kiganja.

"Nilimwambia Prisila nakuja sasa hivi," alisema. "Yule mnunuzi alikuwa anaondoka. Nikapitiliza muda. Tulipofika milimani alikuwa hasemi tena." Akajifuta uso. "Juzi mzee ananiita, njoo uone. Akanionyesha. Akasema Jumapili ijayo, kwenye misa ya kumbukumbu, atasimama awaambie wote. Nilipiga magoti. Hakunitazama. Aliendelea kumtazama yeye tu, mpaka akasinzia."

"Ukaenda jikoni ukachukua jiko."

"Nikazima mashine kwanza. Nilitaka Prisila asinione."

"Na diski?"

"Mzee aliniambia picha zote zimo diskini, nami niliiona ile ya mezani tu. Nimeitupa mto Hagafilo."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na Devota aliona jinsi Dorosela alivyomtazama mtu aliyekuwa akila mezani kwake miaka yote hiyo. Hakumtukana. Alimgeuzia mgongo tu.

Askari walikuwa wamebeba pingu moja. Devota aliifungua mikononi mwa Ussi, ikiwa bado na joto lake, akamfunga Filbert. Walipomtoa nje, Ussi alijisugua vifundo vya mikono, akainama kuizima kompyuta.

"Usizime, mwanangu," alisema Dorosela. Alikuwa amesogeza kiti cha kaka yake karibu na kioo cha televisheni. "Hapo Prisila bado yuko hai."

Ussi akaondoa mkono.