Mwizi Aliyeacha Ndovu

Inspekta Wamae alikuwa amepiga magoti ndani ya gari la Pijo, viatu amevivua na kuviacha nje kwenye sementi, akipapasa kapeti kwa kiganja. Alianza upande wa dereva. Nyuzi za kapeti zilikuwa zimelala kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya viazi. Aliandika hilo kwenye daftari lake, kisha akahamia upande wa abiria.

"Afande, mwizi hayuko humo ndani," alisema Warigia kutoka mlangoni. "Mwizi mko naye kituoni."

"Inawezekana, mama. Niache kidogo nimalize."

Warigia ndiye aliyekuwa mwenye karakana hii ya kusafisha magari ndani, nyuma ya soko la Nyeri. Asubuhi hiyo ya Aprili 1987 alifungua mlango akakuta mashine yake mpya ya kusafishia kapeti haipo. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili tu, moja yake na moja ya mfanyakazi wake Moffat, mwanamume wa miaka thelathini, baba wa watoto wawili. Kufikia saa tatu Moffat alikuwa seli. Kesho yake angefikishwa mbele ya hakimu kwa wizi wa mtumishi, na kosa hilo halikuwa la kulipa faini ukaenda nyumbani.

Kando ya Pijo ilisimama mashine nyingine, kubwa kama pipa, yenye mpira mrefu mnene. Abshir, mfanyabiashara kutoka Nanyuki, alikuwa ameiegemea.

"Nimeuza vitu miaka ishirini," alisema. "Sijaona mwizi mjinga kama huyu. Anaiba ndama, anaacha ndovu!"

Abshir alizinunua mashine zote mbili hoteli moja ilipofungwa, akamwachia Warigia azijaribu kwa wiki moja. Kazi ya mashine hizo ilikuwa moja: kupuliza maji ya sabuni ndani ya kapeti, kisha kuyanyonya pamoja na uchafu. Ile kubwa wafanyakazi waliiita ndovu kwa sababu ya mkonga wake. Ile ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja, waliiita ndama, kwa vile ilivyonyonya.

"Ulichagua ndama," Wamae alisema akitoka garini. "Kwa nini?"

"Ya kwanza ni bei. Ndovu ningeuza shamba. Ya pili, magari yangu mengi ni ya Tetu, yanabeba maziwa. Maziwa ikimwagika kwa kapeti, ukiweka maji moto inaiva hapo hapo, na hiyo harufu haitoki tena. Ndovu ni ya maji moto. Ndama ni ya maji baridi. Halafu inavuta! Saa moja baadaye unaweka mkono, kapeti ni kavu."

"Bado hujanilipa," Abshir akamkumbusha.

"Wewe nawe, ngoja basi! Huoni niko na polisi?"

"Nani alijua umechagua?" Wamae aliuliza.

"Wote. Nilisema jana saa nne, tukinywa chai."

Wamae aliandika polepole. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Upande wa abiria, kapeti haikuwa na mistari. Nyuzi zilizunguka kwa miduara midogo midogo, na kwenye pembe, chini ya kiti, kidole chake kilikuwa kimekuta punje nyeupe. Alizipeleka ulimini. Chumvi, na uchungu kidogo nyuma yake. Mtu yeyote aliyelelewa kwa githeri ya mama yake angeijua ladha hiyo. Ilikuwa magadi, ya kulainishia maharagwe.

Alivaa viatu, akaenda kuutazama mlango. Sakafuni, chini ya bawaba, palikuwa na unga wa kutu, mwekundu na mpya. Pini za bawaba ziling'aa kama zilizopigwa msasa. Alizitazama kwa muda mrefu.

Kituoni, Moffat aliletwa kutoka seli bila mkanda na bila viatu.

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, afande."

"Pijo uliifikisha wapi?"

"Nusu. Upande wa dereva tu."

"Una hakika?"

"Afande, upande ule mwingine ulikuwa unanuka maziwa mpaka nikafungua madirisha. Ilikuwa niimalize leo. Mwenyewe anaichukua saa nane, ati anapeleka wakwe zake Murang'a."

"Ufunguo ulilala wapi?"

"Kwa shingo yangu. Hata bibi yangu ananichekanga, ati nilioa ufunguo."

"Wewe uliiba hiyo mashine?"

Moffat alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nikiiba nitafanyia nini? Niliketi nayo siku tano nikijifunza. Mimi ndiye nilimwambia mama achukue hiyo ndogo."

Wamae alimrudisha seli, akabaki peke yake na daftari. Mwenye ufunguo hana haja ya kung'oa pini za bawaba. Na mwizi wa mashine hana haja ya kusafisha gari la watu.

Alirudi karakana kwa miguu.

"Mama, hapa kwako ni nani anatumia magadi?"

"Ni Mzee Gatimu peke yake. Maziwa anaitoa kwa magadi, maji baridi na brashi. Watu wa Tetu wanamwitisha kwa jina."

"Na mlango huu aliuweka nani?"

"Ni yeye, na marehemu mume wangu. Amekuwa hapa tangu tufungue." Warigia akasita. "Afande, usiniambie hivyo. Mzee ni kama baba yangu."

"Mashine zilipokuja, ulimwambia nini?"

"Kitu kizuri tu. Nilimwambia, 'Mzee, sasa utapumzika.'"

Kalamu ya Wamae ilisimama. "Kwa maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo."

Gatimu alikuwa uani, amechuchumaa, akisugua mikeka ya mpira ya Pijo. Mkono wake ulizunguka bila kupumzika, miduara midogo midogo. Wamae aligeuza ndoo, akaketi karibu naye.

"Kazi inaendelea, Mzee?"

"Inaendelea."

"Nimeangalia ile Pijo. Upande wa kushoto hata harufu hakuna."

"Maziwa ni kujua. Siyo nguvu."

"Magadi unaweka kiasi gani?"

"Ngumi moja tu. Ikizidi inakula rangi ya…"

Brashi ilisimama.

"Moffat aliuacha upande huo ukinuka," Wamae alisema taratibu, "na mlango ukafungwa. Kabla hujaendelea, Mzee, ujue si lazima useme neno. Lakini utakalosema nitaliandika."

Gatimu aliiweka brashi chini, nywele zikitazama juu, kama mtu anayetaka zikauke vizuri.

"Nilirudi jioni mvua ilipoanza," alisema. "Nikatoa pini, nikaegemeza mlango kando. Nikamaliza, nikarudisha."

"Mashine iko wapi?"

"Kwangu Tetu. Kwa stoo ya kahawa."

"Kwa nini ulichukua ndogo? Ile kubwa ina thamani mara tano."

"Hiyo kubwa haikuwa na shida. Warigia hangeweza kuinunua. Angeijaribu, aisifu, airudishe kwa yule Msomali. Hiyo ndogo ndiyo ilikuwa mbaya. Hiyo angeweza."

"Na gari? Mbona ulisafisha gari?"

"Nilikuwa nimefika mlangoni nimebeba hiyo ndama. Nikasikia ile harufu. Nikafikiri, asubuhi Moffat atamaliza na nini? Na mwenyewe ana wakwe. Nikaiweka chini, nikarudi na brashi." Alifuta mikono kwenye suruali. "Gari lilikuwa limenikosea nini?"

Wamae aliandika hadi mwisho wa sentensi.

"Moffat yuko seli tangu asubuhi, Mzee."

Sasa Gatimu aliinamisha kichwa. "Nilijua mtasema ni wezi wa mji. Sikujua mtahesabu funguo. Tangu walipomchukua niko hapa nangoja mtu aniulize. Wamekuja askari wanne. Wamepita hapa nikisugua. Hakuna mtu ameniuliza kitu."

"Ungesema mwenyewe."

"Ningesema," alikiri. "Hilo ni kosa langu, kubwa kuliko mashine."

"Warigia alikuambia utapumzika."

"Ndugu yangu aliambiwa hivyo kwa kiwanda cha majani chai. 'Mzee, sasa utapumzika.' Jumamosi wakampatia blanketi na barua. Kwetu mwajiri akikuambia upumzike, huulizi tena. Unangoja Jumamosi."

Saa tisa walikuwa Tetu. Ndama ilikuwa nyuma ya magunia ya kahawa ya mbuni, imefunikwa kwa koti zuri la kanisani ili isiingie vumbi. Tangi la maji machafu lilikuwa limeoshwa.

Saa kumi na nusu Moffat alirudishiwa mkanda, viatu na ufunguo wake. Kwenye ukumbi wa kituo alimkuta Gatimu ameketi kwenye benchi na askari. Alisimama mbele yake.

"Si ungeniambia tu, Mzee? Hiyo mashine haijui maziwa. Mimi nilikuwa nataka unifundishe magadi."

Gatimu alisogea kidogo kwenye benchi, kama anayempa mtu nafasi. Moffat hakuketi, lakini pia hakuondoka upesi.

Warigia aliingia akitweta, kitambaa cha kichwa kimeteleza.

"Nilimaanisha magoti, Inspekta. Magoti yake! Kila asubuhi namwona akishika ukuta kuinuka. Nilitaka apumzishe magoti." Alimgeukia mzee. "Wewe baba, wewe! Ningemfukuza nani, nimfukuze wewe?"

Gatimu aliangalia magoti yake.

"Naweza kufuta hiyo kesi?" Warigia alimuuliza Wamae.

"Kuna mlango uliong'olewa, mama, na mtu aliyekaa seli bila kosa. Siwezi kukuahidi. Njoo kesho asubuhi na maneno hayo hayo, nitayaandika yote."

Alimwingiza Gatimu ofisini, akafunga mlango, akavuta karatasi ya maelezo ya mshukiwa. Alikuwa ameshasikia kila kitu, lakini sheria ilitaka kianze upya, kwa utaratibu.

"Jina?"

"Gatimu wa Watiri."

"Umri?"

"Sitini na tatu. Au nne."

"Makao?"

"Tetu."

"Kazi?"

Mzee aliitazama mikono yake, iliyojikunja kwenye magoti kwa umbo la brashi. Nje, sauti ya Warigia ilisikika ikigombana na askari wa zamu. Wamae alisubiri.

"Andika…" alisema Gatimu.

Wamae aliirudisha kalamu kwenye kifuniko chake. Mstari wa kazi aliuacha mweupe.

"Tutaanzia hapo kesho, Mzee."